Mpango Uliofutwa

Harkness, 4 Oktoba 1982

Kaka Emil,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Irma, na goti lake limetulia. Sisi huku hatujambo. Kiwanda cha chuma kinawaka siku chache tu kwa wiki, kwa hiyo nguo ninazoanika zinakauka zikiwa nyeupe, jambo ambalo mama yetu hakuwahi kuliona. Shemeji yako Stefan anakusalimu. Ijumaa akina mama tulishinda chini ya kanisa tukikunja pirohi, vile viandazi vya viazi vya kuuza, mpaka vidole vikagoma, maana timu inahitaji helmeti mpya. Jumapili nilikwenda kumwona kaka Andrej kule nyumba ya wazee. Alikula vizuri. Aliniita kwa jina la mama, nami nikaitika.

Sasa neno lililonikalisha chini. Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba mwaka huu umeingia kwenye Kamati ya Nyota. Yaani ndugu yangu wa tumbo moja anachagua vijana watakaocheza mechi ya nyota mwezi wa Julai mbele ya vyuo vyote, na mimi naisikia habari hiyo kwa muuza nyama. Haya, hongera.

Unajua nitasema nini. Mpwa wako Gerard yuko mwaka wake wa mwisho shuleni. Kila kocha hapa bondeni anasema warusha mpira wa kweli, makwotabeki, ni watatu tu: Gerard wetu, yule Calvin Pruitt wa Tolliver ng'ambo ya mto, na Doyle Ansbach wa zile shule za watu wenye nyasi mbele ya nyumba. Nafasi ni mbili. Ansbach anarusha mpira kwa sababu ukuta wake wa mbele ni vijana wanene waliolishwa nyama, hakuna anayemfikia. Hata mimi ningerusha. Pruitt ni miguu tu. Gerard wetu analindwa na vijana wembamba kama mafagio, anaangushwa, anainuka, anarusha tena. Huyo ndiye kwotabeki. Au nimekosea?

Mtu wa chuo kimoja cha kusini ameshakuja mara mbili kula holubki zangu za kabichi na nyama mezani kwangu. Alisema wazi kwamba kijana akivaa jezi ya nyota, masomo yake ni bure. Kaka, sikuombi uibe. Nakuomba useme. Wewe ukisema juu ya mpira, watu husikiliza.

Dada yako,
Verona


Harrisburg, 19 Oktoba 1982

Verona mdogo wangu,

Milele na milele, amina. Goti la Irma linamsumbua anapopanda ngazi, halimsumbui anapokwenda kwenye bingo. Mimi nipo. Tangu nistaafu ukocha nimekuwa mtu wa kukata ua na kusoma magazeti ya michezo, na zote mbili nazifanya vibaya.

Sikukuambia habari ya kamati kwa sababu nilijua utaandika barua hii hii uliyoiandika. Hata muuza nyama nilimkisia.

Tuzungumze mpira. Kuhusu Ansbach nakubaliana nawe nusu. Ni kweli amekaa nyuma ya ukuta mnene, lakini mkono wake ni mkono. Kuhusu Pruitt, hapana. Nimemwona kwa macho yangu mara mbili. Huyo kijana anasoma uwanja kama wewe unavyosoma sura ya mtu anayetaka kukukopa. Watu wetu wakimwona kijana mweusi anacheza kwotabeki husifia miguu ili wasilazimike kusifia akili. Baba yetu alizoea kusema vivyo hivyo, nami nilipokuwa mtoto nilimwamini. Mpira unaanzia mikononi mwa kwotabeki kila mara, na ni yeye anayewaambia wenzake kwenye duara uende wapi. Miguu haiwezi kazi hiyo. Pruitt ni wa kwanza, na nafasi ya pili ndiyo ya kugombaniwa.

Gerard namsifu kwa uvumilivu, lakini nitakuambia lile ambalo kocha wake hakuambii: anaushika mpira muda mrefu mno. Anasubiri mwenzake awe huru kabisa, na huku majitu yanakuja. Mwambie autupe nje akibanwa, si aibu. Uvumilivu wa kuangushwa si sifa ya kwotabeki, ni sifa ya godoro.

Kuhusu kusema: kwenye kamati tuna desturi. Ndugu yako akianza kujadiliwa, unatoka nje na mlango unafungwa. Kabla hujatoka unapewa neno lako. Kila mtu hulitumia kumwaga sifa, na wengine hupunguza nusu ya yale aliyosema. Mwaka juzi Lamar Oakes alimsifia mpwa wake mpaka kahawa ikapoa, na kijana mwenyewe alikuwa anarusha mpira kama anayefukuza kuku. Basi, neno langu nitapewa kama wengine. Tunakaa katikati ya Januari.

Msalimie Stefan. Mwambie Gerard mjomba wake anamsoma magazetini.

Emil


Harkness, 8 Novemba 1982

Kaka Emil mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo, tena leo msifu kwa sauti, maana Ijumaa tumewapiga Tolliver. Bado mji haujalala. Nyumbani wote wazima, bomba la jikoni linavuja, Stefan amenyoa ndevu. Sasa kaa nikuhadithie, maana lile godoro lako limekuwa mfalme.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi, uwanja ulikuwa tope tupu. Pruitt alicheza, sitakudanganya, alicheza sana, akanitia hofu. Tulikuwa nyuma karibu na mwisho. Gerard akaushika mpira, ndiyo, muda mrefu, najua, na vijana wawili wa Tolliver wakamvaa kutoka pande mbili. Nilisikia mgongano wa helmeti nikiwa juu kabisa kwenye viti. Alilala kidogo. Mtunza majeruhi akakimbia na ile dawa ya kunusa inayochoma pua, akamwekea, na mwanangu akasimama mwenyewe. Uwanja mzima ulisimama naye. Stefan alinibana mkono mpaka nikapiga kelele.

Sasa sikiliza alichofanya. Akawaita wenzake kwenye duara, akasema, "Daraja la Kushoto."

Unaukumbuka mpango huo? Ulimchorea wewe mwenyewe mezani kwangu kiangazi cha mwaka jana, kwa kalamu ya risasi, juu ya kitambaa changu kizuri. Kwotabeki anampa mkimbiaji mpira, mkimbiaji anajifanya anakwenda, halafu anaurudisha kwa kwotabeki na yeye anaurusha mbali kushoto. Kocha aliutumia mara moja msimu ule, mpira ukanaswa, akaufuta na kukutukana wewe mbele ya wachezaji. Kijana wa Petrak, yule anayecheza katikati, ametuhadithia mara kumi. Anasema alimwambia, "Wee Gerard, ule si ulifutwa?" Na Gerard akamjibu, macho makavu, "Umefutwa lini?" Petrak alicheka mpaka akasahau baridi. Wakaucheza. Tolliver hawakuwa wameuona mwaka mzima, wakamfukuza mkimbiaji wote kama bata, na huku mpira unapaa kushoto kwa kijana aliye peke yake. Tukafunga. Mechi ikaisha.

Na bado hakutosheka na utani. Badala ya kurudi kwenye benchi letu akaenda moja kwa moja kwenye benchi la Tolliver, akasimama katikati yao kama ametumwa, mpaka Pruitt mwenyewe akamshika bega na kumgeuza. Watu waliangua kicheko. Kwenye klabu yetu ya Waslovaki wanaigiza tukio hilo kila jioni, mmoja anakuwa Gerard na mwingine Pruitt.

Gazeti limeandika kwamba bonde halijawahi kuona kwotabeki mwenye akili baridi kama hiyo. Nakuwekea kipande chake. Wapelekee wenzako, hasa huyo Oakes. Sasa nani ana akili, Pruitt au Gerard?

Dada yako mwenye furaha,
Verona


Harrisburg, 15 Novemba 1982

Verona,

Milele amina. Sote wazima.

Nimesoma barua yako mara kadhaa, na kile kipande cha gazeti. Nina maswali na naomba unijibu moja moja, hata kama yatakukera.

Baada ya mechi, Gerard aliuliza matokeo yalikuwa ngapi? Anakumbuka mwenyewe jinsi alivyoucheza mpango ule, au anakumbuka kwa sababu amehadithiwa? Je, kichwa kinamuuma asubuhi? Anakaa gizani? Amekuwa mkali kwa vitu vidogo?

Kocha hakuurudisha mpango ule wiki hiyo, kwa siri, kwa ajili ya Tolliver? Kama aliurudisha niambie, nami nitakuwa mtu wa furaha kuliko wote hapa Pennsylvania.

Usimwoneshe barua hii.

Emil


Harkness, 12 Desemba 1982

Kaka Emil,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi za Majilio na mambo mengine. Theluji imeanguka mapema. Binti wa Petrak ameolewa na kijana wa Youngstown, harusi ilikuwa nzuri ila muziki ulikuwa mwingi. Irma apone. Kaka Andrej ana mafua.

Kiwanda kimefunga tanuri la pili na Stefan yuko nyumbani. Hawakusema kwa muda gani. Anaamka saa ile ile ya zamani, anavaa, anakaa jikoni na kofia kichwani. Sikutaka kuandika habari hii lakini utaisikia kwa muuza nyama.

Maswali yako nimeyasoma. Gerard ni mzima. Daktari wa timu alimmulika machoni, akamuuliza jina lake na jina la rais, akamjibu yote mawili na akaongeza utani juu ya rais. Kijana wa miaka kumi na saba akiumwa kichwa asubuhi, huwa ni kwa sababu hataki kwenda shule. Wewe mwenyewe ulikuwa kocha, ni wangapi uliwanusisha dawa ile ile na kuwarudisha uwanjani? Sasa kwa mpwa wako ndiyo umekuwa daktari.

Naona unatafuta sababu. Kama moyo wako uko kwa Pruitt na Ansbach sema, tusizungushane. Lakini kumbuka Ansbach asipochaguliwa baba yake atamlipia chuo. Gerard asipochaguliwa atakwenda kupanga foleni na baba yake kwenye lango lililofungwa. Hakuna mlango mwingine kaka, nimeshaupapasa ukuta wote.

Nasubiri neno lako la Januari.

Verona


Harrisburg, 20 Januari 1983

Verona mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo nasalimu mimi kwanza, maana sijui kama ukishaisoma barua hii utapenda kuniitikia. Irma anakupenda. Habari nyingine za hapa hazina maana.

Kamati ilikaa Jumamosi kwenye hoteli, chumba chenye zulia baya. Mwenyekiti wetu ni mzee Harlan Voss. Pruitt alijadiliwa kwanza. Bwana mmoja kutoka kaskazini akasema, "Mwanariadha mzuri, lakini mhamishe acheze kukimbia, si kurusha." Nikamwuliza amemwona akicheza mara ngapi. Akasema amesoma. Nikamwambia, "Basi nyamaza mpaka umalize kusoma." Oakes akagonga meza kwa kicheko. Pruitt akapita.

Ikabaki nafasi ya pili, Ansbach na Gerard. Hapo ungefurahi, Verona, kwa sababu wengi walikuwa kwa Gerard. Walikuwa na kile kipande cha gazeti. Oakes alisema, "Ansbach ana takwimu, lakini huyu ana kichwa. Ukiwa nyuma, kwenye tope, umetoka kugongwa, unafukua mpango wa mwaka jana? Mimi ningempa jezi leo." Mwingine akasema, "Na kwenda kuwacheka Tolliver kwenye benchi lao. Jeuri hiyo haifundishwi." Voss akanitazama. "Emil, huyu ni wako. Sema neno lako utoke." Oakes akatania, "Tupe asali, mjomba. Tumejiandaa kukata nusu."

Nilisimama nikasema hivi: "Kijana ni hodari. Aliumia kichwa siku ile na sidhani kama amepona. Mpango mnaousifu aliuita kwa sababu hakujua yuko mwaka gani, na kwenye benchi la Tolliver alikwenda kwa sababu hakujua lake liko wapi. Pruitt alilijua ndiyo maana akamgeuza. Msimchague." Nikatoka nikafunga mlango.

Nilingoja kwenye korido. Hakuna anayekata nusu ya neno kama lile. Voss alipotoka alisema, "Emil, umemzika mpwa wako." Nikamwambia sijamzika, nimekataa kumzika. Akatikisa kichwa. Nafasi ya pili amepata Ansbach.

Hukunijibu hata swali moja, Verona. Mwanamke anayejibu kila kitu, mpaka asichoulizwa, aliniandikia habari za harusi ya binti wa Petrak. Ndipo nikajua.

Sasa nitasema la Andrej, ambalo katika nyumba yetu halisemwi. Kila mtu Harkness anajua kwamba kaka yetu aliharibiwa na pombe. Mimi ndiye niliyecheza katikati wakati yeye akiwa kwotabeki; kila mpira aliourusha ulipita mikononi mwangu kwanza. Hakuonja pombe mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye mke. Kusahau kulianza kabla, na hasira, na kukaa gizani na taulo usoni. Alikuwa akiniuliza kwenye duara, "Emil, tunacheza na nani?" nasi tukacheka, tukamwita mchekeshaji. Watu husema pombe kwa sababu pombe ni aibu ya mtu mmoja, na mpira ni wa mji mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tumeficha miaka thelathini na mgonjwa bado yupo anakula supu.

Mpeleke Gerard kwa daktari asiyeijua timu yetu, mjini, mbali. Nitakuja mwenyewe kumchukua ukiniruhusu.

Najua nimekufungia mlango uliokuwa umeupapasa. Nimeumia, na ningeufunga tena.

Kaka yako,
Emil


Harkness, 28 Machi 1983

Emil,

Sisi ni wazima.

Yule mtu wa chuo hajatokea tangu Januari. Alipiga simu mara moja, akamtakia Gerard kila la heri kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Maneno yako yametembea kuliko wewe. Gerard hajui yametoka kwa nani. Stefan anajua, na kwa hiyo Pasaka usije.

Kumfananisha mwanangu na Andrej ni jambo ambalo hata adui angelifikiria mara mbili. Nilipokuwa naosha vyombo leo nilijikuta nazungumza nawe kwa sauti, nikakuambia mambo ambayo siwezi kuandika kwenye Juma Kuu.

Hutaki kujua kama anaumwa kichwa? Anaumwa. Kila mtu nyumba hii anaumwa kichwa.

Verona


Harrisburg, 30 Mei 1983

Verona,

Pasaka ilipita, sikuja, kama ulivyosema. Nilipeleka maua kwenye kaburi la mama kwa njia ya padri, natumaini uliyaona.

Naandika kwa sababu ni afadhali usikie kwangu kuliko kwa posta. Ansbach amejitoa. Chuo kinachomchukua hakitaki acheze mechi ya nyota asije akavunjika kabla hawajamtumia. Voss alimpigia simu daktari wa timu yenu, na daktari akasema kijana ni mzima kama ng'ombe. Wengine wakasema mzee Emil ana mambo yake ya kale. Wamempa Gerard nafasi. Mimi sikuulizwa, niliarifiwa tu.

Barua itakufikia wiki mbili hizi. Ndani kuna fomu ya ruhusa, na bila sahihi ya mzazi hachezi. Nilifikiri kuwapigia kelele tena, nikaona hapana, nilishasema neno langu na neno moja ndilo nililopewa. Yeye si mwanangu. Ukitia sahihi, sitakwenda kinyume chako, na nitakuja kukaa karibu nawe uwanjani kama utanivumilia. Lakini kabla ya kutia sahihi mtazame. Usimtazame jinsi uwanja unavyomtazama.

Naogopa, Verona. Nilitaka kuandika neno zuri zaidi, sikulipata.

Emil


Harkness, Jumapili, 12 Juni 1983

Kaka Emil,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika haraka, wanaume wanavaa kwa ajili ya misa. Barua ya kamati ilifika jana mchana. Gerard aliifungulia hapo hapo kwenye ngazi, akaisoma, akaketi chini. Halafu akanibeba, mimi na uzito wangu huu, akanizungusha jikoni mpaka nikaangusha sufuria. Sijawahi kuona furaha ya namna hiyo katika nyumba hii tangu azaliwe. Stefan alivua kofia, akalia bila kujificha.

Nikatia sahihi. Nitakuambia ukweli, nilitia sahihi nikikuwaza wewe, nikisema moyoni, haya, aone. Niliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Gerard akachukua mpira akaenda uwanjani na akina Petrak kufanya mazoezi. Walicheza bila helmeti, kama wafanyavyo. Alirudi ana majani kwenye nywele zake, akasema ameanguka kidogo, akacheka, akala. Jioni majirani wote walikuja. Stefan akatoa ile chupa ya slivovice, pombe kali ya plamu, aliyoiweka tangu Gerard abatizwe. Padri alipita akambariki. Watu walibishana kwa furaha kama Pruitt aanze yeye au aanze Gerard, na Gerard mwenyewe akasema Pruitt aanze, ni bora kuliko yeye, na watu wakamzomea. Alikuwa mpole sana. Alinibusu akaenda kulala mapema.

Asubuhi hii ameteremka amenyoa, amechana nywele. Nilikuwa nakaanga mayai. Akanikumbatia kwa nyuma akasema, "Mama, hakuna barua yoyote ya wale watu wa nyota?"

Nilidhani ananitania. Nikageuka. Alikuwa ananitazama kwa upole, anasubiri, kama mtu anayeuliza kama mvua imeacha. Akasema, "Petrak aliniambia Ansbach amejitoa. Huenda wakaniita." Stefan alishusha kikombe mezani na mkono wake ukabaki pale pale. Kaka, karatasi ilikuwa kwenye meza, mbele ya sahani yake. Niliifunika kwa kitambaa.

Nikamwambia, "Bado, mwanangu. Haijafika."

Akasema, "Itakuja tu," akavuta kiti, akaomba mayai matatu.

Fomu ile haitakwenda. Ukiipata barua hii njoo na gari siku hiyo hiyo, umpeleke kwa huyo daktari wa mbali, nami nitakaa kiti cha nyuma nimshike.

Sasa ananiita, amevaa koti lake la bluu, yuko mlangoni na baba yake. Kengele imegonga. Mji mzima utakuwa pale kanisani, Emil, na kila mmoja atamshika mkono ampongeze, na mimi nitakuwa nimesimama kando yake.

Verona